Mwaka wa Saba wa Stelingi

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kanuni ya stelingi: hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafukiwa na kifusi, lakini kabla mkanda haujaisha utamwona anarudi. Kanuni hiyo ilifaa filamu ya saa mbili. Tamthilia inayokwenda miaka tisa ina adui asiyejali stelingi ni nani, na adui huyo ni siku ya mwisho ya mkataba.

Mwaka 2021 watazamaji wa tamthilia ya The Flash waliagana na waigizaji wawili waliokuwapo tangu sehemu ya kwanza, Oktoba 2014. Machi aliondoka Tom Cavanagh, aliyemwigiza Harrison Wells. Juni akafuata Carlos Valdes, yule Cisco Ramon, fundi wa maabara ya S.T.A.R. Labs anayemshonea Barry Allen, stelingi mwenyewe, vazi jekundu na kuwabatiza majina maadui wote wanaoingia mjini Central City. Mwaka mmoja kabla yao, Hartley Sawyer, aliyemwigiza Ralph Dibny, alifukuzwa baada ya maandishi yake ya zamani ya mtandaoni, yenye lugha ya kibaguzi na ya kudhalilisha wanawake, kuibuliwa upya. Kuondoka kwa Sawyer hakuna aliyekupanga. Kuondoka kwa Cavanagh na Valdes ni habari tofauti. Wako mashabiki waliotafuta ugomvi uliofichwa, na nadhani walitafuta mahali pasipo na kitu, kwa sababu mlango waliotokea ulikuwa wazi kwenye karatasi kabla hata kamera haijawashwa.

Tazama waliondoka msimu gani: wa saba. Sasa rudi nyuma kwenye Smallville, tamthilia ya ujana wa Superman iliyoanza 2001. Msimu wa saba ulipomalizika mwaka 2008 aliondoka Michael Rosenbaum, Lex Luthor wao. Kristin Kreuk, aliyekuwa Lana Lang, naye aliacha kuwa mwigizaji wa kudumu, akarudi msimu uliofuata kwa sehemu chache tu za kuaga. Nenda kwa Arrow, tamthilia iliyoizaa The Flash: Emily Bett Rickards, aliyemwigiza Felicity, aliondoka baada ya msimu wa saba, mwaka 2019. Tamthilia tatu, miaka tofauti, na namba ile ile.

Namba hiyo ina historia, na mwenye historia hiyo ni mwanamke. Sheria ya kazi ya California inakataza mkataba wa huduma binafsi kumfunga mtu zaidi ya miaka saba. Zamani studio za Hollywood zilikuwa na ujanja wake. Mwigizaji akikataa filamu aliyopangiwa, anasimamishwa bila malipo, halafu muda aliosimamishwa unaongezwa mwishoni mwa mkataba. Kwa hesabu hiyo miaka saba ingeweza kuwa minane, au kumi. Olivia de Havilland, aliyejulikana dunia nzima kwa Gone with the Wind ya 1939, alifika mwisho wa mkataba wake mwaka 1943 akaambiwa bado anadaiwa miezi sita. Akaenda mahakamani. Desemba 1944 mahakama ya rufaa ikasema miaka saba ni miaka saba ya kalenda, basi. Studio aliyoishitaki ilikuwa Warner Bros., na Warner Bros. hao hao ndio waliotengeneza The Flash. Kila ninapomwona mwigizaji wa tamthilia akiondoka kwa amani mwaka wa saba, namkumbuka huyo mama.

Leo utaratibu uko hivi. Kabla ya kurekodi sehemu ya majaribio, mwigizaji anasaini mkataba wa misimu sita au saba. Haki ya kuendelea iko upande mmoja tu. Kila mwaka studio ndiyo inayoamua kumbakiza au kumwacha. Yeye hawezi kusema mwaka huu nimechoka. Malipo yanapanda kidogo kidogo kwa kiwango kilichokubaliwa tangu mwanzo, hata tamthilia ikipasua anga. Siku mkataba unapokwisha, mizani inageuka ghafla. Mwigizaji sasa ana jina, ana mashabiki, na ana uhuru wa kutaja bei.

Ila bei hiyo anaitaja wakati mbaya. The Flash ilipoanza, usiku wa kwanza ilitazamwa na watu takriban milioni 4.8 nchini Marekani, idadi kubwa mno kwa kituo kidogo kama The CW. Kufikia msimu wa saba, waliokuwa wakiitazama siku inapoonyeshwa walikuwa milioni moja hivi au pungufu. Kwa hiyo mkataba unaisha kipindi ambacho mwigizaji ni ghali kuliko wakati wowote na tamthilia haina nguvu iliyokuwa nayo. Mtayarishaji anabana matumizi ili ambakize yule ambaye bila yeye hakuna hadithi, yaani aliyevaa vazi jekundu, na wengine anawaachia waamue.

Tena wamechoka. Msimu wa sehemu 22 au 23 unarekodiwa kwa karibu miezi tisa, kule Vancouver, Kanada, mbali na nyumbani kwa wengi wao, na usiku wa baridi ya Vancouver hauna huruma. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyeingia akiwa na miaka ishirini na kitu anatoka akiwa na thelathini na kitu, na hajapata nafasi ya kujaribu kazi nyingine ya maana.

Cavanagh mwenyewe alikuwa aondoke mwishoni mwa msimu wa sita. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukasimamisha kazi, msimu ukakatika kwenye sehemu ya 19, na kuaga kwake kukasogezwa hadi mwanzo wa msimu wa saba. Ndiyo maana kuondoka kwake kulionekana kuwa kwa haraka na kusikokaa sawa.

Mpaka hapa nimeeleza karatasi. Lililonifanya niandike ni jingine.

Machi 2015, katika msimu wa kwanza, kuna tukio ambalo ningemwonyesha kila anayejifunza kuandika tamthilia. Cisco amegundua kwamba Harrison Wells, mlezi wake, ni Eobard Thawne, adui aliyejificha ndani ya sura ya mtu mwingine. Wells hakasiriki. Anaongea taratibu, anamwambia kijana huyo amemwonjesha maana ya kuwa na mtoto, halafu anapenyeza mkono wake unaotetemeka kifuani mwake na kumuua. Baadaye Barry anakimbia hadi wakati unarudi nyuma, na Cisco yu hai tena. Mtazamaji hakusahau. Tangu siku hiyo, kila Cavanagh alipoingia maabarani akiwa Wells mwingine kutoka ulimwengu mwingine, na waliletwa kadhaa, Valdes hakuhitaji kusema neno. Kumtazama tu kulitosha.

Kitu hicho hakimo kwenye mkataba wa yeyote, wala hakirithishwi. Waandishi walijua kugawa kazi: Chester Runk, aliyeingizwa mwanzoni mwa msimu wa sita, alipewa mitambo, utani na kiti cha Cisco, na Brandon McKnight alimwigiza kwa moyo. Simlaumu hata kidogo. Lakini mazungumzo ya maabarani yakaanza kuwa ya maelezo, mtu akimweleza mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, kwa sababu hapakuwa tena na ukimya wenye miaka saba ndani yake. Nilijikuta nasikiliza maneno zaidi na kuhisi kidogo.

Hadithi za mashujaa zinadhani zimejikinga na pigo hili. Wana ulimwengu sambamba, wanasafiri katika wakati, marehemu anarudishwa wiki ijayo. Vyote hivyo vinamrudisha mhusika. Mwigizaji akishafungasha, asipotaka kurudi huna wa kumrudisha, na ukimpa mwingine jina lile lile umeanza hadithi mpya.

The Flash ilifika msimu wa tisa na ikafungwa Mei 24, 2023, baada ya sehemu 184. Cavanagh alirudi katika sehemu za mwisho, akavaa tena sura ya Thawne, na kwa dakika chache adui akawa na uzito wa zamani. Nilisubiri mlango wa maabara ufunguke. Valdes hakuja, na kwenye kiti cha Cisco alikuwa amekaa Chester.