Hadithi ya Koboko si lazima ianze na Amin

UKITAJA Koboko mbele ya mtu wa Kampala au Nairobi, jibu aghalabu ni moja: kwao Idi Amin. Ndipo mtunzi chipukizi anapoanza hadithi yake fupi kwa bunduki na kuimaliza kwa bunduki, kisha anaiita ya kihalisia kwa sababu vita vilikuwepo kweli.

Vilikuwepo. Baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981, raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na wanajeshi. Hata hivyo, tukio kuwa la kweli hakutoshi kuifanya hadithi iwe ya kihalisia.

Uhalisia humtaka mtunzi amweke mtu wa kawaida mahali panapotambulika, kisha aonyeshe kwa nini alitenda alivyotenda. Chukua mama anayeuza muhogo mkavu sokoni Arua. Mteja wake ametoka Kongo kupitia Vurra. Wanapatana bei kwa Kiswahili, lugha iliyoenezwa huku na askari na biashara ya mpakani. Akimgeukia bintiye anasema Kilugbara. Mtunzi anayewapa wote Kiswahili sanifu cha darasani amekwisha kumpoteza msomaji wa Arua. Lakini akiandika kwamba mama alihesabu noti mara mbili kwa sababu jana alipunjwa, tayari tunamfahamu.

Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine, mwaka 2007, hakuhitaji vita katika "Jambula Tree". Kuna mtaa wa Nakawa, wasichana wawili wanaopendana, na jirani mwenye mdomo. Umbea unatosha kuvunja maisha. (Wapo waliokwenda njia nyingine: Taban lo Liyong, katika Fixions ya 1969, alichota kwenye ngano. Ni sanaa pia, ila si hii.)

Je, mwaka 1979 uachwe? La. Mfikirie mzee wa Koboko aliyerudi kutoka Sudan. Huenda asikutajie idadi ya waliokufa. Atakuambia alikuta paa limeanguka, mwembe umezaa, na jirani analima shamba lake. Jirani huyo bado yupo, na wanasalimiana kila asubuhi. Mtunzi atakayeiandika salamu hiyo bila kutuambia tuhisi nini, kazi yake naisubiri.