Shanta la Kuondokea

Wasikizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya baadaye, leo twataka kuzungumza habari za mfuko. Si kikapu cha sokoni, wala si sanduku la kwendea harusini, bali ni ule mfuko wa kubeba mgongoni ambao askari wa zamani waliuita shanta, na ambao mwanafunzi wa siku hizi huuita begi. Twataka kueleza namna ya kulichagua shanta hilo na kulipakia, likae tayari nyumbani kwa ajili ya siku ambayo mtu atapaswa kutoka mlangoni katika dakika chache, wala hajui atarudi lini.

Huenda wengine mtasema, "Sisi hatukai pwani penye dhoruba, wala hatuna vita, tutakimbia nini?" Basi kwanza na tuitazame nchi tunayokaa.

Sisi wa Kaloleni, pamoja na jirani zetu wa Levolosi, Ngarenaro na mitaa mingine ya Arusha, twakaa miguuni pa Mlima Meru. Kimo chake chapita mita 4,500, nao ni mlima wa moto uliolala. Mwaka 1910 ulitoa majivu kidogo, na tangu hapo umenyamaza. Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na vile vilima vidogo vidogo avionavyo mtu karibu na maziwa ya Momella ni mabaki ya maporomoko hayo. Lakini jambo la kuhofiwa kila mwaka si moto, ni maji. Mito ya Themi na Naura hushuka kutoka mlimani ikapita ndani ya mji. Mvua ikinyesha kwa nguvu huko juu msituni, mto waweza kujaa hapa chini hali mama mmoja angali anaanika nguo juani, maana maji hayangoji wingu lifike mjini. Tena nyumba zimejengwa mpaka kingoni, na mifereji imejaa taka, hata maji hukosa njia yakaingia barabarani na majumbani. Mwezi wa Aprili 2024, katika masika, mafuriko yalilichukua gari la wanafunzi hapa hapa Arusha, na watoto wakafa.

Miezi minne kabla ya hapo palitokea msiba mkubwa zaidi kwa jirani zetu wa Mkoa wa Manyara. Mlima Hanang nao ni mlima wa volkeno kama wetu. Udongo wa milima ya namna hii, uliofanywa na majivu na mawe yaliyovunjikavunjika, ukinywa maji mengi huwa mzito na kulegea. Na mteremko ukiwa mkali, huanza kwenda. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima ule ulikatika. Tope, magogo na mawe makubwa yakashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi waliookoka walipewa hifadhi katika majengo ya shule.

Fikirini saa ile. Ni alfajiri, giza bado, mvua yanguruma juu ya bati. Mtu aliyeamshwa na kelele hana nafasi ya kufungua kabati na kuchagua. Atatoka kama alivyo. Na hapo ndipo wengi huponzwa, si kwa sababu walichelewa kutoka, bali kwa sababu walitoka kisha wakarudi. Mmoja akumbuka vyeti vilivyo chini ya godoro. Mwingine akumbuka dawa za mama yake, au fedha za chama alizopewa azitunze. Maji yaendayo mbio, yakifika magotini tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Kwa hiyo kazi ya shanta letu hasa si kumfanya mtu astarehe huko aendako. Kazi yake ni kumwondolea kila sababu ya kurudi. Mkilishika neno hilo, mtajua wenyewe kipi kiingie na kipi kibaki.

Sasa tuliangalie shanta lenyewe. Si lazima liwe jipya. Katika soko la Kilombero hupatikana mashanta ya mitumba, mengine yenye nguvu kuliko mapya yanayoning'inizwa madukani kwa rangi zake nzuri. Tazama kwanza mikanda: iwe miwili, mipana, yenye kujazwa sifongo, kwa sababu mkanda mwembamba hukata bega kama kamba ya kuni. Kisha geuza ndani, uvute mishono pale mkanda ulipoungana na mfuko, kwani hapo ndipo hukatika kwanza. Jaribu zipu mara kumi, si mara moja. Likiwa na mkanda wa kufunga kiunoni ni bora zaidi, maana uzito huhamia nyongani. Mfuko wa bega moja haufai. Humpinda mtu, na mkono mmoja huwa kazini daima, nawe utaihitaji mikono yote miwili.

Ukubwa je? Hapa wengi hukosea, nasi tulikosea. Mara ya kwanza tulipopakia shanta letu tuliweka kila tulichoona chafaa: sufuria mbili, blanketi nene, viatu jozi mbili, unga, hata birika. Tulipolipeleka kwenye mizani ya muuza nafaka likawa kilo 18. Tukalivaa, tukapanda nalo kutoka Kaloleni mpaka Mianzini, mwendo ambao siku zote twauona mdogo. Tulipofika tulikaa juu ya jiwe, na birika lile tukalichukia. Mara ya pili tulitoka na kilo 9, pamoja na maji, tukatembea tukizungumza. Wapagazi wa Kilimanjaro wamewekewa mpaka wa kilo 20, lakini wao ni watu wa kazi hiyo, hutembea mchana, wameshiba, na njia waijua. Wewe utatoka usiku, umeshika mkono wa mtoto. Basi mtu mzima mwenye afya asizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake, na afadhali apungukiwe. Mtoto wa shule asipite sehemu ya kumi: mwenye kilo 30 abebe kilo 3, yaani nguo zake, chupa ya maji, na chakula kidogo.

Kabla ya kupakia, tandika ndani ya shanta nailoni ngumu, ile iuzwayo kwa mita, kwa sababu kitambaa cha mfuko hakizuii mvua ya masika hata nusu saa. Ile mifuko myepesi ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, nayo hata hivyo ilikuwa ikipasuka upesi. Chini kabisa weka nguo moja ya kubadili na shuka ya Kimasai au blanketi jepesi. Arusha ni mahali pa juu, na mtu aliyelowa, akilala sakafuni, huona baridi kali hata kama si mwezi wa Julai. Vitu vizito, yaani maji na chakula, vikae katikati, vikigusa mgongo. Vikikaa nje vitakuvuta nyuma. Juu kabisa viwe vile utakavyovitaka kwanza: koti la mvua, tochi, dawa. Filimbi ifungwe kwenye mkanda wa nje, maana aliyezingirwa na maji usiku hupaza sauti mpaka ikakauka, lakini filimbi haichoki.

Maji ni mzigo ambao hauna hila. Lita moja ni kilo moja, na mtu mmoja huhitaji kama lita 3 kwa siku, za kunywa na haja ndogo ndogo. Hakuna awezaye kubeba ya siku tatu. Kwa hiyo chukua lita 2 au 3, na pamoja nazo njia ya kuyasafisha mengine. Maji ya mafuriko yamepita vyooni na majalalani, na kipindupindu hufuata nyuma yake. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshe. Au tumia vidonge vya kutakasia maji. Soma maagizo yake, kwa maana kidonge kimoja aghalabu ni cha ndoo nzima ya lita 20, wala si cha chupa, na yapasa kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Mtu wa huku atauliza juu ya ile madini ya floraidi iliyomo katika chemchemi nyingi za Meru, ambayo huwatia watoto wetu meno ya kahawia. Ni kweli kwamba kuchemsha hakuiondoi. Lakini madhara yake huja kwa miaka. Ya kipindupindu huja kwa saa. Katika siku tatu za kukimbia, mwogope huyo wa pili.

Chakula kiwe kile kisichotaka moto. Makande ni chakula chema, na loshoro vilevile, lakini nani atayakalisha makande jikoni saa tatu huku amesimama uwanjani? Chukua karanga za kukaanga, tende, biskuti, na kwa mtoto mchanga aliyeanza kula, chakula chake alichokizoea.

Dawa twaziweka katika daraja la juu kuliko chakula. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, mwenye kifua kikuu, na anayetumia dawa za kufubaza virusi, wote hao wakikatiza dawa zao huingia hatarini, nao ndio hurudi nyumbani majini kuzitafuta. Weka akiba ya siku kadhaa pamoja na kadi ya kliniki, na kila uchukuapo dawa mpya, za shantani zitumike kwanza, mpya ziingie mahali pake. Dawa zinazotaka baridi haziwezi kukaa humo. Andika kwa herufi kubwa juu ya karatasi, "Chukua dawa ya babu," na ubandike ndani ya mlango. Tia na kitambaa safi cha kufungia jeraha, sabuni, na mahitaji ya wanawake ya kila mwezi, jambo ambalo wanaume wapakiao peke yao husahau daima. Kitambaa cha kufunika pua na mdomo nacho kisikosekane. Huo ni mzigo wa gramu chache, na waliokaa karibu na Ol Doinyo Lengai ulipotoa majivu mwaka 2007 na 2008 wajua thamani yake.

Karatasi sasa. Nguo zitapatikana tena, hata unga. Lakini kukipata upya cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa ni safari nyingi za ofisini. Vitie vyote katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na nakala zake umwachie ndugu akaaye mji mwingine. Pamoja navyo weka noti ndogo ndogo za fedha, kwa maana fedha iliyomo katika simu hulala umeme ukikatika na mtandao ukianguka. Andika pia namba za jamaa kwa kalamu. Siku hizi mtu haijui kwa moyo hata namba ya mkewe. Simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi, hukaa na chaji siku kadhaa, tena ina taa na redio. Mnaosikiliza matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mwajua jinsi redio ifaavyo mvua zinapokuja. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya Polisi ni 112.

Yako mambo ambayo mashauri ya nchi za mbali hayayatazami. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuvaa shanta. Asidanganywe kulivaa kifuani, kwa kuwa hataona anapokanyaga. Vitu vyake vigawanywe kwa wakubwa, yeye abaki na mtoto na kanga mbili: moja ya kumfunga, na ya pili ambayo itakuwa taulo, bandeji, kamba, au pazia, kama itakavyohitajika. Bibi mkongojo asipewe mzigo wowote. Apewe mtu, ajulikane tangu leo kwa jina, wa kumshika mkono.

Shanta likae karibu na mlango, juu ya kibao, lisiloweshwe na maji yaingiayo chini. Na viatu vya kufunika mguu kando yake, kwani majini mna misumari na vioo visivyoonekana. Likifungiwa katika chumba cha wageni ni sawa na kutokuwapo. Na maji yakiwa yamekwisha kulifikia kabla yenu, liacheni. Elekeeni penye mwinuko ulio mbali na mto, wala msifuate kingo zake, wala msivuke daraja lililofunikwa.

Fungueni mashanta mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari, kabla ya masika, na mwezi wa Septemba, kabla ya vuli. Badilini maji na biskuti, jaribuni tochi, na pimeni nguo za watoto, maana gauni la mwaka jana halimfai tena. Kisha jioni moja zimeni taa, mwambieni mmoja apige filimbi, na hesabuni dakika mpaka wote wafike nje barabarani. Kwetu mara ya kwanza zilikuwa dakika kumi na moja, kwa sababu ufunguo wa mlango wa nyuma haukujulikana ulipo. Sasa umefungwa kwa uzi kwenye msumari, juu ya shanta.