JE, WAJUA? Ngao moja ndiyo mwalimu wa rangi

Wapenzi wa kupaka rangi sanamu za askari wa Roma ya kale huvutiwa na zile kubwa, kama za milimita 120, kwa sababu makunyanzi ya uso na pingili za deraya huonekana wazi. Hupaka rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka: ya giza kwenye mikunjo, angavu kwenye miinuko.

Na ngao je? Kielelezo bora ni ngao ndefu iliyopinda ya karne ya 3 BK, iliyofukuliwa Dura-Europos, Syria, miaka ya 1930. Ndiyo pekee ya aina hiyo iliyosalia! Uso wake mwekundu bado una picha za tai na simba. Imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.