Marumaru Nayo Huchakaa

Watu wengi huamini kwamba jiwe halifi: mwanadamu hupita, mti huanguka, bali sanamu ya jiwe husimama daima. Imani hiyo si sahihi, na ushahidi umo katika Bustani ya Majira ya Joto mjini St. Petersburg, Urusi.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1704 kwa amri ya Mfalme Peter wa Kwanza, kandokando ya Mto Neva. Ndani yake limo jumba lake la kiangazi, ambalo siku hizi ni makumbusho. Sanamu za marumaru ziliagizwa kutoka Italia, hasa Venice. Mwaka 1777 bustani ilikumbwa na mafuriko makubwa. Mwaka 1941, mji ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, sanamu zilifukiwa ardhini zisivunjwe na mabomu. Zikanusurika vita, lakini hazikuweza kuikwepa hewa.

Marumaru ni kalisi kaboneti. Makaa ya mawe na mafuta yanapochomwa hutoa gesi ya salfa dioksaidi, ambayo hewani huungana na oksijeni na maji ikawa asidi. Asidi hiyo huugeuza uso wa marumaru kuwa jasi. Mvua huiyeyusha jasi, na nakshi huondoka pamoja nayo. Mahali pasipofikiwa na mvua, jasi hushikamana na masizi ikawa gamba jeusi. Tena, maji yaliyopenya katika nyufa yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa kiasi cha asilimia 9, yakalipasua jiwe. Makasha ya mbao yaliyofunika sanamu wakati wa baridi yalipunguza madhara, hayakuyaondoa.

Kwa hiyo, katika ukarabati wa miaka 2009 hadi 2012, sanamu za asili zilihamishiwa katika Kasri la Mikhailovsky, na nakala zikasimamishwa bustanini.

Kunakili kwataka hadhari. Kwanza jiwe hupimwa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu: katika marumaru nzima hupita kwa kasi ya kiasi cha kilomita 5 kwa sekunde, na katika iliyochakaa sana huwa chini ya 2. Jiwe likistahimili, hupakwa mpira laini wa silikoni, nao huzungushiwa ganda gumu la plasta. Kalibu hiyo ikibanduliwa, hujazwa unga wa marumaru uliochanganywa na rezini.

Uamuzi huo haukukosa wapinzani, kwani nakala haina alama ya patasi ya fundi. Hata hivyo, uso uliokwisha kuyeyuka haurudishwi na fundi yeyote.

Wanafunzi wanaweza kujionea wenyewe chanzo cha hasara hiyo. Kombe la pwani nalo ni kalisi kaboneti. Litieni katika siki, mtazame mapovu: ni gesi ya kabonidioksaidi ikitoka, na kombe likiliwa polepole.