Kwa nini dereva wa mbio za magari huadhibiwa kwa kuwahi?

Msikilizaji wa Majanji anayefuatilia Safari Rally huenda akashangaa: kwa kanuni za ubingwa wa dunia, kuchelewa dakika moja katika kituo cha ukaguzi wa muda huongeza sekunde 10, ilhali kuwahi dakika moja huongeza sekunde 60.

Sababu ni usalama. Kutoka hatua moja ya mashindano hadi nyingine, magari hupita barabara za umma, penye wanafunzi, ng'ombe na bodaboda, na sheria za trafiki humbana dereva wa mbio kama wengine. Mwaka 1953, mbio hizo zilipoanza zikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, hata mashindano yenyewe yalifanyika barabarani miongoni mwa wasafiri. Leo hatua hizo hufungwa.

Wanaoiona adhabu hiyo kuwa kali mno wakumbuke kwamba anayechelewa mara nyingi amepatwa na pancha. Anayewahi huenda amekimbiza gari pasiporuhusiwa.