Kocha wa Chuo Kidogo
Wanachama wenzangu, wengi husema ati kocha hodari hapatikani ila katika chuo kikubwa. Mimi nakataa. Clarence Gaines alifundisha mpira wa vikapu katika chuo kidogo cha Winston-Salem, Marekani, tangu 1946 hadi 1993. Zamani hizo vyuo vikubwa vya kusini viliwafungia vijana weusi milango, basi wenye vipawa, kama Earl Monroe, walimjia yeye. Mwaka 1967 walishinda michezo 31, wakashindwa 1 tu, wakatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo. Baadaye milango ilifunguka, vyuo vikubwa vikawachukua vijana hao. Gaines hakuhama. Alistaafu na ushindi 828. Sisi wa shule ya kutwa tusijidharau jamani: mcheza kwao hutuzwa.