Yungiyungi la Mashyuza Latufunza Nini?

Apitaye Nyarutarama, mtaa wa Kigali ulio katika wilaya ya Gasabo, huona bustani zenye maua ya kila rangi, na bondeni huona ziwa dogo. Wengi wetu huyahesabu maua hayo kuwa pambo tu. Lakini ua ni kiungo cha uzazi cha mmea, na kufaulu kwake hutegemea mengi yaliyo nje ya mmea wenyewe.

Ili mbegu ipatikane, chavua, yaani unga ule wa sehemu ya kiume ya ua, haina budi kufika kwenye sehemu ya kike. Hapo huotesha mrija mwembamba ushukao hadi ndani ya ovari, na yai hurutubishwa. Kwa kuwa mimea haitembei, mahindi hutumia upepo, na mimea mingine mingi hutegemea nyuki, vipepeo na ndege kama chozi. Mvua ikinyesha mfululizo, nyuki hawatoki mzingani. Dawa za wadudu zikinyunyizwa wakati wa maua, nyuki hufa. Matokeo yake ni matunda haba.

Je, mmea usiomhitaji nyuki u salama? Jibu twalipata kusini-magharibi mwa Rwanda, kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, huko Bugarama. Mwaka 1987 mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Fischer, alikuta hapo yungiyungi dogo kuliko yote duniani, ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu. Jina lake la kitaalamu ni Nymphaea thermarum. Huota katika tope lenye vuguvugu, na ua lake hujichavusha lenyewe na kutoa mbegu. Hata hivyo, kufikia mwaka 2008 lilikuwa limetoweka mahali hapo, kwa sababu maji ya chemchemi yalitumiwa kupita kiasi na tope likakauka.

Mimea michache ilikuwa imehifadhiwa mjini Bonn, na mbegu zikapelekwa bustani ya Kew, London. Huko mbegu zilichipua, lakini miche iliyowekwa chini ya maji, kama ilivyo desturi ya mayungiyungi, ilidhoofika na kufa. Mwaka 2009 Carlos Magdalena alitambua kwamba mmea huu wahitaji hewa ya ukaa kwa wingi kuliko uipatavyo majini. Aliweka miche katika vyungu vilivyolingana na uso wa maji yenye joto la nyuzi 25, nayo ikastawi na kuchanua. Mwaka 2023 yungiyungi hilo lilionekana tena likiota lenyewe Rwanda.

Funzo ni dhahiri. Ua laweza kujitosheleza kwa chavua, lakini haliwezi kujipatia maji wala udongo. Kigali imeanza kulizingatia jambo hili: mwaka 2022 ilifunguliwa hifadhi ya Nyandungu, yenye ukubwa wa hekta 121, katika bonde oevu lililokuwa limeharibiwa. Nasi wenye bustani vilimani tunao wajibu wetu: tusinyunyize dawa maua yakiwa yamechanua, tusitupe taka kwenye mifereji ishukayo mabondeni, wala tusiyazibe maji njia yake.